Puthuppally: kiti kimoja kwa miaka 53

Tarehe 2 Agosti 2022, kwa hesabu ya ofisi ya Bunge la Kerala, mbunge wa Puthuppally, Oommen Chandy, alitimiza siku 18,728 bungeni. Katika jimbo hilo la kusini-magharibi mwa India hakuna mtu aliyewahi kukaa bungeni muda mrefu kama huo. Aliyeshikilia rekodi kabla yake, K. M. Mani wa eneo jirani la Pala, alikuwa amefariki mwaka 2019. Chandy alichaguliwa mara ya kwanza Septemba 1970 akiwa na umri wa miaka 26. Tangu siku hiyo alisimama mara 12, zote Puthuppally, na zote akashinda.

Hesabu kama hiyo inamshawishi mtu kuisimulia historia ya Puthuppally kama historia ya mtu mmoja, na Kerala kwenyewe wengi huisimulia hivyo. Lakini matokeo yakipangwa uchaguzi kwa uchaguzi yanasema mengine. Kabla ya Chandy, eneo hili lilikuwa mikononi mwa Wakomunisti mara mbili mfululizo. Yeye mwenyewe aliwahi kushinda akiwa bega kwa bega na Wakomunisti haohao. Na katika uchaguzi wake wa mwisho, akiwa mzee aliyeheshimiwa nchi nzima, tofauti ya kura ilishuka hadi karibu ile aliyoanza nayo akiwa kijana. Kiti hiki hakikuwa salama kwa asili yake. Kilitafutwa kila mara, na kila mara kwa njia yake.

Puthuppally iko wilaya ya Kottayam, kilomita chache kutoka mji wa Kottayam wenyewe. Ni nchi ya vilima vya chini, mvua nyingi na mashamba ya mpira. Wakulima wengi wana ekari chache tu, na bei ya mpira ikishuka kila nyumba hujua. Bodi ya Mpira ya India ina makao yake makuu mjini Kottayam. Mji huo pia ndiko linakochapishwa gazeti la Malayala Manorama tangu mwaka 1890, na mwaka 1989 ulitangazwa kuwa mji wa kwanza India ambao wakazi wake wote wanajua kusoma na kuandika. Kwa hiyo mpiga kura wa huku ni msomaji wa magazeti, anayezijua siasa za vyama kwa undani na anayezijadili dukani, kanisani na kwenye kituo cha basi.

Wakristo ni wengi, na ni Wakristo wa kale. Kwa mapokeo yao, Ukristo uliletwa pwani ya Malabar na Mtume Tomaso mwenyewe katika karne ya kwanza. Kanisa la Mtakatifu George la Puthuppally, la Waorthodoksi, linajulikana Kerala nzima. Mwendo mfupi kutoka hapo kuna Manarcad, penye kanisa la Bikira Maria la Wayakobi, ambalo hujaa mahujaji kila Septemba kwa mfungo wa siku nane. Waorthodoksi na Wayakobi walikuwa kanisa moja, na ugomvi wao juu ya mamlaka na mali umedumu zaidi ya miaka 100. Msomaji aukumbuke ugomvi huo, kwa sababu utaingia katika sanduku la kura. Pamoja na Wakristo wanaishi Wahindu wa jamii za Nair na Ezhava, na kila kundi lina vyama vyake vya kijamii na viongozi wake ambao mgombea yeyote ni lazima awatembelee.

Jimbo la Kerala liliundwa tarehe 1 Novemba 1956 kwa kuwaunganisha wasemaji wa Kimalayalam. Miezi michache baadaye, mwaka 1957, lilifanya uchaguzi wake wa kwanza. Utaratibu ulikuwa ule Waingereza waliouacha India kama walivyouacha Kenya na Tanganyika: anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi, hata asipofikisha nusu. Chama cha Kikomunisti kilipata viti 60 kati ya 126, na kwa msaada wa wabunge wachache wa kujitegemea E. M. S. Namboodiripad akaunda serikali. Puthuppally haikufuata wimbi hilo. Ilimchagua P. C. Cherian wa chama cha Congress.

Serikali ya Namboodiripad ilileta mswada wa kuzidhibiti shule binafsi na mwingine wa kugawa ardhi. Shule nyingi za Kottayam zilikuwa za makanisa, na makanisa yakasimama dhidi ya serikali pamoja na chama cha kijamii cha Wanair. Mwaka 1959 maandamano yakaenea, watu wakauawa kwa risasi za polisi, na tarehe 31 Julai serikali kuu ya Delhi ikaivunja serikali ya Kerala. Uchaguzi wa 1960 ulipokuja, Puthuppally ilimrudisha Cherian. Mtu angeweza kudhani eneo hili limefungwa: la wakulima wadogo, la makanisa, la Congress.

Halafu Congress ikapasuka. Oktoba 1964, mjini Kottayam, waasi wa chama walianzisha Kerala Congress, chama kilichochota nguvu yake kwa wakulima Wakristo wa wilaya hiyo na majirani zake. Mwaka huohuo Wakomunisti nao waligawanyika, na kundi kubwa zaidi Kerala likawa Chama cha Kikomunisti cha Kimarxi, CPI(M). Katika uchaguzi wa 1965 ngome ya Congress wilayani Kottayam ilikuwa imepasuliwa kutoka ndani. Puthuppally ilichukuliwa na E. M. George wa CPI(M). Bunge hilo halikukutana hata siku moja, kwa kuwa hakuna chama wala muungano uliopata wingi wa kuunda serikali. Uchaguzi ukarudiwa 1967, na George akashinda tena, safari hii akiwa sehemu ya muungano wa vyama saba uliomrudisha Namboodiripad madarakani. Congress yenyewe, iliyokuwa chama cha Nehru na cha uhuru, ilibaki Kerala na viti 9 tu kati ya 133.

Ni kutoka katika maangamizi hayo ndipo Oommen Chandy alipopatikana. Wazee wa Congress walikuwa wameshindwa, na vijana waliolelewa katika umoja wa wanafunzi wa chama, KSU, walikuwa na njaa ya nafasi. Kiongozi wao alikuwa A. K. Antony. Chandy, mtoto wa familia ya Puthuppally ambaye nyumbani walimwita Kunjoonju, alikuwa ameongoza KSU tangu 1967. Mwaka 1970 chama kikawapa vijana hao tiketi, mara nyingi katika maeneo ambayo wazee hawakuyatamani. Chandy alipewa kwao, dhidi ya mbunge aliyekuwa ameshinda mara mbili.

Alipata kura 29,784. E. M. George alipata 22,496. Tofauti ilikuwa kura 7,288, na kwa kijana wa miaka 26 anayemwondoa mbunge aliyeketi, huo ulikuwa ushindi wa heshima. Lakini haukuwa mkubwa kiasi cha kumfanya mtu yeyote adhani eneo limepata mbunge wa nusu karne.

Bunge la 1970 lilidumu kuliko kawaida. Hali ya hatari iliyotangazwa na Waziri Mkuu Indira Gandhi mwaka 1975 iliahirisha uchaguzi, na watu wa Kerala hawakupiga kura hadi Machi 1977. Kaskazini mwa India wapiga kura walimwadhibu Indira vikali. Kerala ilifanya kinyume: muungano uliokuwa na Congress ulichukua viti 111 kati ya 140. Aliyesimama dhidi ya Chandy Puthuppally alikuwa P. C. Cherian, mbunge wa kwanza wa eneo hilo, sasa akiwa upande wa wapinzani wa Indira. Mzee aliyeipeperusha bendera ya Congress 1957 na 1960 alishindwa na kijana wa Congress kwa kura 15,910. Chandy akawa waziri wa kazi.

Miaka mitano iliyofuata ndiyo inayomfundisha msomaji kuwa mwangalifu na neno ngome. Congress ilipasuka tena kitaifa. Antony na wenzake hawakumfuata Indira Gandhi, na katika uchaguzi wa Januari 1980 kundi lao liliungana na CPI(M) na vyama vingine katika Muungano wa Kidemokrasia wa Kushoto, LDF. Kwa hiyo Chandy alisimama Puthuppally akiwa mgombea wa muungano wa Wakomunisti, watu walewale aliokuwa amewanyang'anya kiti miaka kumi nyuma. Mpinzani wake, M. R. G. Panicker, aliungwa mkono na upande wa Congress ya Indira. Chandy alishinda kwa kura 13,659. Makada wa CPI(M) waliokuwa wakimpinga tangu 1970 walitembea nyumba kwa nyumba wakimwombea kura, na wengi wa Wakristo waliowaogopa Wakomunisti nao walimpigia.

Ushirikiano huo haukudumu miaka miwili. Oktoba 1981 kundi la Antony lilijiondoa na serikali ikaanguka. Mwishoni mwa mwaka K. Karunakaran aliunda serikali iliyosimama kwa kura ya uamuzi ya Spika, na Chandy akawa waziri wa mambo ya ndani kwa muda mfupi kabla nayo haijaanguka. Uchaguzi wa 1982 ulimkuta amesharudi upande wa Muungano wa Kidemokrasia, UDF, unaoongozwa na Congress. Safari hii LDF ilimsimamisha Thomas Rajan, wa kundi la Congress lililobaki na Wakomunisti. Tofauti ikawa kura 15,983, kubwa kuliko zote hadi wakati huo.

Tazama mambo yalivyokwenda. Ndani ya miaka mitano mtu huyu aliomba kura kwa jina la Congress, kisha kwa jina la waasi wa Congress pamoja na Wakomunisti, kisha dhidi ya Wakomunisti, na kila mara tofauti ya kura ilibaki kati ya 13,000 na 16,000. Hapo ndipo naona mahali ambapo kiti kilihama kutoka chama hadi kwa mtu. Wapiga kura walikuwa wameacha kuuliza Chandy yuko muungano gani. Walimtaka aje Jumapili.

Na Jumapili alikuja. Utaratibu wake unajulikana na kila mtu wa Kottayam. Hata alipokuwa waziri mjini Thiruvananthapuram, makao makuu ya jimbo yaliyo umbali wa kilomita zipatazo 150, mwisho wa wiki alirudi Puthuppally, akasali katika kanisa la Mtakatifu George, kisha akakutana na watu nyumbani kwake. Walikuja na barua mkononi: mgonjwa anayehitaji fedha za matibabu, mjane ambaye malipo yake yamekwama, kijana anayetafuta kazi, wanandugu waliogombania mpaka wa shamba. Hakuna aliyehitaji miadi. Mlango ulikuwa wazi, chumba kilijaa, na waliokosa nafasi ndani walisimama uani. Nyumba yake ya Thiruvananthapuram aliiita Puthuppally, na watu wa eneo lake waliokwenda huko kwa shida za ofisini walijua pa kufikia.

Mtu anayedhani kazi hiyo ndogo haina uzito katika siasa aangalie miaka ya 1987 hadi 2001. Tangu 1982 Kerala iliingia katika mtindo wa kubadilisha serikali kila uchaguzi: UDF, kisha LDF, kisha UDF. Mwaka 1987 LDF ilishinda jimboni, na Puthuppally CPI(M) ilimsimamisha kijana wa chama, V. N. Vasavan. Tofauti ilishuka hadi 9,164. Vasavan alirudi 1991, katika uchaguzi uliofanyika wiki chache baada ya aliyekuwa Waziri Mkuu, Rajiv Gandhi, kuuawa, na tofauti ikapanda hadi 13,811. Mwaka 1996 LDF ilishinda tena, na Reji Zachariah alishindwa kwa 10,155. Katika miaka ambayo wimbi la jimbo lilikuwa dhidi ya UDF, tofauti ya Chandy ilipungua kwa kura elfu kadhaa, lakini kiti hakikutikisika kwa kiasi cha kutisha. Huo ndio uliokuwa mtaji wa Jumapili zake.

Mwaka 2001 mpinzani alitoka ndani ya nyumba. Cherian Philip alikuwa mtu wa Congress na mfuasi wa kundi la Antony tangu ujana. Alipohisi chama kimemnyima nafasi aliyostahili, aliondoka na kusimama Puthuppally kama mgombea huru aliyeungwa mkono na LDF. UDF ilipata ushindi mkubwa Kerala nzima mwaka huo, na Chandy alishinda kwa 12,575. Kampeni ile iliwaumiza watu wa pande zote mbili, kwa kuwa waliokuwa wakipambana walikuwa wamekula pamoja kwa miaka mingi. Philip alikaa na upande wa kushoto miaka 20, kisha mwaka 2021 akarudi Congress.

Agosti 2004 Antony alijiuzulu baada ya Congress kushindwa vibaya katika uchaguzi wa bunge la taifa, na Chandy akawa Waziri Kiongozi wa Kerala. Alikaa hadi Mei 2006, LDF iliposhinda kwa kishindo. Jambo linalostahili kutazamwa ni kwamba mwaka ambao Kerala ilimwondoa Chandy madarakani, Puthuppally ilimpa tofauti ya kura 19,863, kubwa kuliko zote alizokuwa amepata. Mpinzani alikuwa Sindhu Joy, kiongozi maarufu wa wanafunzi wa CPI(M). Miaka mitano baadaye Sindhu Joy aliondoka CPI(M) na kujiunga na Congress.

Uchaguzi wa 2011 ulikuwa wa kubana kupita kiasi. UDF ilipata viti 72 na LDF 68. Mipaka ya maeneo bunge ilikuwa imechorwa upya, na Puthuppally sasa ilikuwa na halmashauri nane za vijiji: Akalakunnam, Ayarkunnam, Kooroppada, Manarcad, Meenadom, Pampady, Puthuppally yenyewe na Vakathanam. Chandy alimshinda Suja Susan George kwa kura 33,255 na kurudi kuwa Waziri Kiongozi, safari hii akiongoza serikali ambayo wabunge watatu tu wangeweza kuiangusha. Aliiendesha miaka mitano kamili.

Katika kipindi hicho aliichukua desturi ya Jumapili na kuipeleka jimbo zima. Mpango wa Janasamparka, yaani kukutana na wananchi, ulimfanya Waziri Kiongozi azunguke wilaya kwa wilaya na kuketi mbele ya maelfu ya watu, akipokea maombi yao mmoja mmoja na kuyatolea uamuzi palepale, pengine tangu asubuhi hadi usiku wa manane. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliupa mpango huo tuzo yake ya utumishi wa umma. Wapinzani hawakuridhika. Walisema Waziri Kiongozi anafanya kazi ya karani wa kijiji, na kwamba kama ofisi za serikali zingefanya wajibu wao, mgonjwa asingepanga foleni uwanjani kutwa nzima. Hoja hiyo ni nzito, na mimi nadhani ina ukweli. Msaada unaotoka mkononi mwa mtu mwema haumfundishi karani kuhudumia, na unaisha siku mtu huyo anapoondoka. Lakini aliyekuja na barua hakuwa na miaka 20 ya kusubiri ofisi zibadilike, na Chandy alimjibu huyo kwanza.

Mwaka huohuo wa 2013 ulimletea uchungu. Kampuni ya umeme wa jua ilituhumiwa kuwalaghai watu, na baadhi ya wasaidizi wa ofisi ya Waziri Kiongozi walihusishwa nayo. LDF iliandamana kwa miezi. Mwezi Oktoba, akiwa Kannur, gari lake lilipigwa mawe na akaumizwa. Tuhuma dhidi yake ziliendelea kwa miaka, zikapita kwa tume na kwa polisi, hadi idara ya upelelezi ya taifa ilipomsafisha mwishoni mwa 2022, miezi saba tu kabla ya kifo chake. Katika uchaguzi wa 2016 UDF ilianguka na kubaki na viti 47. Puthuppally CPI(M) ilimsimamisha Jaick C. Thomas, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyetoka Manarcad, kiongozi wa wanafunzi kama Chandy alivyokuwa. Alishindwa kwa 27,092.

Kisha ukaja 2021, uchaguzi ambao kwa maoni yangu unaieleza Puthuppally kuliko mwingine wowote. Mambo mawili yalikuwa yamebadilika chini ya miguu ya Chandy. La kwanza: Oktoba 2020, Kerala Congress (M), chama cha marehemu K. M. Mani kilichoongozwa sasa na mwanawe Jose, kilihama UDF na kuingia LDF, kikiondoka na maelfu ya kura za wakulima Wakristo wa Kottayam. La pili: Julai 2017 Mahakama ya Juu ya India ilikuwa imewapa Waorthodoksi haki ya kusimamia makanisa yaliyogombaniwa, na Wayakobi, waliopoteza majengo waliyosali kwa vizazi, walisogea upande wa serikali ya LDF. Chandy alikuwa Mworthodoksi. Jaick, aliyesimama tena, alikuwa mtoto wa Manarcad.

Juu ya hayo, uongozi wa Congress ulifikiria kumhamishia Chandy Nemom, mjini Thiruvananthapuram, akapambane na chama cha BJP katika kiti pekee ambacho chama hicho kilikuwa nacho Kerala. Habari hizo zilipofika nyumbani, watu waliizunguka nyumba yake wakimzuia asiende, na mmoja akapanda juu ya paa akitishia kujiua. Chandy alibaki. Matokeo yalipotoka, alikuwa na kura 63,372 na Jaick 54,328. Tofauti ilikuwa 9,044. Baada ya miaka 50 alikuwa amerudi karibu na pale alipoanzia, na LDF ilikuwa imeuvunja mtindo wa kubadilishana kwa kushinda mara ya pili mfululizo. Makada wa CPI(M) wa Kottayam waliamini kwamba mara nyingine kiti kitaanguka, na hesabu iliwapa haki ya kuamini hivyo.

Oommen Chandy alifariki Bengaluru tarehe 18 Julai 2023, akiwa na umri wa miaka 79, baada ya kuugua saratani. Alikuwa ameomba azikwe bila heshima za kiserikali. Asubuhi ya tarehe 19 basi lililobeba mwili wake liliondoka Thiruvananthapuram kuelekea Kottayam, safari ya saa nne hivi kwa siku za kawaida. Ilichukua zaidi ya saa 24. Kando ya barabara watu walisimama usiku kucha kwenye mvua, wengi wao wakiwa wale waliowahi kumpelekea barua. Alizikwa usiku wa tarehe 20 katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu George. Wiki zilizofuata kaburi lilijaa mishumaa, na watu walileta hapo maombi yaliyoandikwa, kama walivyokuwa wakiyaleta nyumbani kwake.

Tume ya uchaguzi ilitangaza uchaguzi mdogo tarehe 8 Agosti, na saa chache baadaye Congress ikamtaja mgombea wake: Chandy Oommen, mtoto wa marehemu. Kwa desturi ya Wakristo hawa mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu na kufuatiwa na la baba, ndiyo maana majina ya wawili hao yanaonekana kama yamegeuzwa. Alikuwa mwanasheria, na mwaka uliotangulia alikuwa ametembea pamoja na kiongozi wa Congress, Rahul Gandhi, katika maandamano ya miguu kutoka ncha ya kusini ya India hadi Kashmir. LDF ilimrudisha Jaick kwa mara ya tatu. Vasavan, aliyeshindwa hapa 1987 na 1991 na wakati huo akiwa waziri, alikuwa miongoni mwa walioongoza kampeni, na Waziri Kiongozi Pinarayi Vijayan alikuja mwenyewe kuhutubia. Hoja yao ilikuwa moja: miaka 53 ya mbunge mmoja imeiletea Puthuppally nini? Waliwataka wapiga kura watazame barabara, maji na hospitali zao na kuzilinganisha na za majirani. Lilikuwa swali halali, na katika uchaguzi wa kawaida lingeweza kusikilizwa.

Haukuwa uchaguzi wa kawaida. Kura zilipigwa tarehe 5 Septemba, wiki moja baada ya sikukuu ya Onam na katikati ya mfungo wa siku nane wa Manarcad. Walijitokeza karibu asilimia 73. Zilipohesabiwa tarehe 8, Chandy Oommen alikuwa na 80,144 na Jaick 42,425. Mgombea wa BJP, G. Lijin Lal, alipata 6,558. Ukizilinganisha na za 2021, Congress iliongeza kura 16,772 na CPI(M) ikapoteza 11,903. Kura nyingi zilizohama 2021 zilikuwa zimerudi, na miongoni mwake hapana shaka zilikuwamo za Wayakobi na za wafuasi wa Kerala Congress (M) ambao chama chao kilikuwa bado upande wa pili.

Tofauti ilikuwa kura 37,719. Ilikuwa kubwa kuliko zote katika historia ya Puthuppally hadi wakati huo, na inaizidi ile kubwa kabisa ya baba, ya 2011, kwa kura 4,464. Mtoto ndiye aliyeapishwa, lakini kwa hukumu yangu huo ulikuwa ushindi wa 13 wa Oommen Chandy. Wa kwanza wa mwanawe ilikuwa bado autafute mwenyewe, mbele ya wapiga kura ambao 1965 waliiondoa Congress, na 2021 walikaribia kuiondoa tena.